Ukano wa Kisigino: Injini Iliyosahaulika ya Mpira wa Mikono

Mfungaji wa mpira wa mikono akifika mstari wa mita 6 anakuwa amebanwa pande zote. Hatua tatu alizoruhusiwa zimekwisha, beki yuko kifuani, na eneo la golikipa hatakiwi kulikanyaga. Kilichobaki wazi ni hewa iliyo juu ya eneo hilo, maana sheria inamruhusu kurukia ndani mradi mpira utoke mkononi kabla hajatua. Basi anaruka, na uwanja mzima unautazama mkono wake. Wengine, wakijiona wajuzi, watakuambia mruko ule umetoka kwenye mapaja. Wote wanaupita bila kuuona ukano ulioko nyuma ya kisigino, ile kamba nene inayounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino.

Jaribu hapo ulipo. Jishushe nusu ya kuchuchumaa, tulia hapo sekunde tatu, kisha ruka bila kujishusha tena. Pumzika kidogo. Sasa simama wima, jishushe ghafla na uruke papo hapo. Watu wengi watapanda sentimita kadhaa zaidi mara ya pili, ingawa miguu ni ile ile na uzito ni ule ule. Sababu moja ni kwamba ukijishusha ghafla, misuli inakuwa imeshakaza kabla safari ya kwenda juu haijaanza. Miaka ya 1960 Mwitaliano Giovanni Cavagna na wenzake walionyesha kuwa msuli uliovutwa kwanza, ukaachwa ujikunje mara moja, hufanya kazi kubwa kuliko ulioanza ukiwa umetulia.

Sababu ya pili ndiyo inayonivutia mimi. Msuli una udhaifu wake: kadiri unavyojikunja kwa kasi, ndivyo nguvu yake inavyopungua. Ukano hauna udhaifu huo. Mchezaji anapokanyaga chini kwa kishindo, kigimbi hukaza na kushikilia, urefu wake ukibadilika kidogo tu, na mvuto wote huuangukia ukano. Unarefuka, kisha unarudi. Ni manati: mkono unauvuta mpira wa manati taratibu, lakini jiwe linaondoka kwa kasi ambayo mkono peke yake usingeifikia kamwe.

Kipimo chake kipo. Mwaka 1987 mwanazoolojia wa Uingereza R. McNeill Alexander na wenzake walikadiria kuwa mtu wa kilo 70 anayekimbia mita 4.5 kwa sekunde huweka akiba ya jouli 35 hivi katika ukano wa kisigino kila anapokanyaga, na nyingine 17 katika upinde wa unyayo. Ukano unarudisha takriban asilimia 93 ya kilichowekwa, na kidogo kinachobaki hupotea kama joto. Sijui mashine ngapi za viwandani zingeweza kujivunia hesabu hiyo.

Lakini akiba hiyo haisubiri. Ukikawia chini imekwenda. Ndiyo maana wakufunzi wa michezo huzungumzia robo ya sekunde: mguu ukigusa ardhi na kuondoka ndani ya muda huo, manati imefanya kazi; ukizidi hapo, unazidi kutegemea msuli mtupu. Kocha wa Kisovieti Yuri Verkhoshansky aliliona hilo mapema, na katika miaka ya 1960 akawa anawashusha wanariadha wake kutoka juu ya boksi ili wakigusa sakafu waruke tena bila kusita. Mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt akayapa mazoezi ya namna hiyo jina la plaiometriki, na dunia ikalipokea. Katika mpira wa mikono ushahidi mzuri umetoka hapa hapa Afrika. Watafiti wa Tunisia walitangaza mwaka 2014 kwamba vijana wa mchezo huo waliofanya mazoezi haya ya miguu na ya mikono mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8 katikati ya msimu, waliwazidi wenzao waliobaki na mazoezi ya kawaida: katika kuruka, katika kukimbia na katika kasi ya mpira unaotoka mkononi. Mara mbili kwa wiki tu.

Sisi tunafanyaje? Tunarusha watoto kichurachura. Katika shule nyingi kichurachura ni adhabu asubuhi na mazoezi jioni, kuzunguka uwanja mzima, makalio karibu yaguse visigino, mpaka wa mwisho aanguke. Kila mruko hapo unaanza toka chini kabisa, mguu umekaa ardhini muda mrefu, na kijana amechoka tangu duru ya kwanza. Yaani tunaufundisha mguu kuwa mzito, halafu tunashangaa mfungaji wetu anapachikwa ukutani na mabeki. Plaiometriki ya kweli ni mirukio michache, anayeruka akiwa hajachoka, na kupumzika katikati kwa muda wa kutosha. Mguu ukianza kukawia chini, zoezi limekwisha kwa siku hiyo, hata kama kocha alikuwa amepanga mengine ishirini.

Na kuna jambo linalofanya uzembe huu uniume zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia kati ya mwaka 1955 na 1963 yaliongeza kaboni-14 angani, nayo ikaingia katika miili ya watu wote waliokuwa hai. Watafiti wa Denmark waliitumia kama alama ya kupimia umri wa tishu, na mwaka 2013 wakatoa matokeo: kiini cha ukano wa kisigino hujengwa mpaka umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakifanywi upya. Msuli wa mguu ule ule hujikarabati maisha yote. Ukano wa mtu mzima bado huitikia mazoezi na kuwa mkakamavu zaidi, lakini kiini anachozeeka nacho ni kile alichojengewa ujanani. Umri huo ndio umri wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Ndio umri tunaowachezesha watoto juu ya saruji iliyopasuka, wengine kwa raba zilizoisha soli, wengine pekupeku, na mashindano yakikaribia mzigo unaongezwa mara tatu kwa wiki moja.

Kutua nako hakufundishwi. Mpira wa mikono una mageuko mengi ya ghafla na kutua kwa mguu mmoja, na goti likiingia ndani wakati huo, ligamenti yake ya katikati inaweza kukatika bila mtu yeyote kumgusa mchezaji. Wanorwei walilishughulikia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, klabu 120 zenye vijana 1,837 wa miaka 15 hadi 17 ziligawanywa: baadhi wakapewa utaratibu wa kupasha mwili wenye kukimbia, kujisawazisha na kutua sawasawa, baadhi wakaendelea kama zamani. Majeraha ya magoti na vifundo vya miguu yalipungua kwa karibu nusu kwa waliofuata utaratibu. Hilo halihitaji bajeti ya wizara. Linahitaji kocha anayesimama mbele ya mchezaji na kumtazama magoti.

Netiboli, wavu, kikapu, miruko ya riadha, golikipa wa soka, mwanariadha wa mita 100 na moran wa Kimasai anayeruka visigino vikiwa havigusi ardhi, wote wanaishi kwa manati hii. Bega nalo linayo yake. Mkono unapovutwa nyuma kabla ya kurusha, kano na ligamenti za bega hunyooshwa na kuweka nishati, na mwaka 2013 Neil Roach na wenzake waliandika kuwa maumbile yanayowezesha hilo yalikamilika kwa binadamu wa kale, Homo erectus, karibu miaka milioni 2 iliyopita. Kwa bega, zoezi ni mpira mzito unaorushiwa na mwenzako, unaudaka na kuurudisha papo hapo bila kuukumbatia. Mpira chakavu uliojazwa mchanga na kushonwa vizuri unatosha. Kilo moja kwa wadogo, mbili kwa wakubwa.