Bomba la moshi linalofika Kabambare

Kabla hajafungua nati hata moja, fundi hugonga. Huchukua spana namba 10 akaligonga bomba la moshi kuanzia shingoni, pale linapotoka kwenye silinda, hadi tumboni, polepole, kama mama anayegonga chungu sokoni kabla ya kutoa pesa. Palipo na chuma kizima panalia. Palipojaa masizi au palipoliwa na kutu, sauti inakufa. Pikipiki iliyolazwa mbele yake ni Yamaha DT 125 iliyorudi kutoka upande wa Wamaza, na tumbo la bomba limebonyezwa na jiwe hadi ngumi ya mtoto inaweza kukaa mle. Mwenyewe analalamika kwamba mlimani haivuti tena. Anataka bomba jipya, ila hajui anunue lipi.

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, swali hilo ni la biashara. Njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni ileile ambayo misafara ya pwani ilipita karne ya 19 ikitokea Ujiji kwenda Nyangwe, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ni magurudumu mawili tu yanayopita bila kukwama. Pikipiki ndiyo lori la huku. Inapeleka mchele na mawese, inarudi na sabuni, chumvi na vitambaa, na njiani inabeba mgonjwa, mwalimu na mchimbaji dhahabu anayekwenda Salamabila. Siku ambayo chombo kimelala gereji, mwenye chombo hali.

Zinazotawala soko siku hizi ni pikipiki za mipigo minne: TVS na Boxer kutoka India, Haojue na ndugu zake kutoka China. Zinakunywa mafuta kidogo na vipuri vyake vinapatikana. Lakini zile za mipigo miwili, AG 100 na DT 125 za Yamaha, hazijaondoka. Nyingi zililetwa na misioni, mashirika ya misaada na ofisi za afya, na zilipochoka zikauzwa kwa raia. Wanaozipenda wana sababu. Ni nyepesi kubebwa juu ya mtumbwi, zinapanda mlima wa matope kwa hasira, na injini haina vali kichwani: pistoni na ringi hubadilishwa chini ya mwembe kwa alasiri moja.

Ugumu uko kwenye bomba. Kwa injini ya mipigo minne, bomba ni mlango wa kutokea tu. Likitoboka, kelele zinaongezeka na safari inaendelea. Kwa mipigo miwili bomba ni nusu ya injini. Moshi unapotoka kwa kishindo, sehemu inayopanuka ya tumbo huvuta silinda iwe tupu na kukaribisha mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Kisha sehemu inayofinyika hurudisha wimbi la shinikizo, likausukuma ndani ule mchanganyiko uliokuwa umeanza kukimbilia nje, kabla pistoni haijaziba tundu la kutolea moshi. Wimbi likirudi mapema mno au likichelewa, petroli inapotea na nguvu inapungua. Kwa hiyo urefu na unene wa tumbo ni hesabu, na jiwe la Wamaza limeivuruga.

Hesabu hiyo iliwahi kuwa siri ya kutoroshwa. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliliendeleza tumbo hilo hadi pikipiki zake ndogo zikazishtua kampuni tajiri. Mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi akaenda na ujuzi huo Suzuki, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50 kwa pikipiki ya Kijapani. Pikipiki nyingi za mipigo miwili zinazopita matope yetu leo zina deni kwa Kaaden.

Sasa twende sokoni. Bomba halisi la Yamaha ndilo linalokubaliana na injini bila maneno, lakini jipya ni ghali na kulingoja ni kugumu zaidi. Mzigo huja kwa reli ya SNCC kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo, treni inapopatikana, au kwa barabara kutoka Bukavu. Tangu Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025, mfanyabiashara anayeagiza huko anapiga hesabu mara mbili kabla ya kutuma pesa. Kwa hiyo mabomba mengi ni ya mtumba, yaliyong'olewa kwenye pikipiki zilizokufa. Kwa maoni yangu mtumba halisi uliogongwa vizuri na kukaguliwa shingoni unalishinda jipya la kuigiza. Mabomba ya kuigiza yanang'aa, lakini mengi ni bati jembamba, na umbo lake limefuata macho tu, wala si vipimo.

Kuna pia mabomba ya mashindano, yale ambayo vijana huyaona kwenye simu. FMF, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1973, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Hata hao huyagawa: kuna ya mwendo kasi, na kuna ya msituni, yenye chuma kinene na nguvu inayopatikana injini ikizunguka polepole. Anayebeba magunia mawili ya mchele hahitaji nguvu inayokuja injini ikipiga kelele juu kabisa. Anahitaji ile inayokuja taratibu, gurudumu likiwa ndani ya tope. Tena bomba linalopitisha moshi kwa urahisi zaidi mara nyingi huhitaji jeti kubwa zaidi kwenye kabureta. Ukilifunga bila kubadilisha jeti, injini inaweza kukosa petroli ya kutosha, ikapata joto, na pistoni ikang'ang'ania silinda katikati ya pori. Buji ikitoka nyeupe kama chokaa, simamisha. Ikiwa na rangi ya kahawia, endelea.

Halafu kelele. Watu wa Kabambare wamekimbia milio ya bunduki mara nyingi mno. Kijana anayetoboa sailensa ili pikipiki ipasue alfajiri katikati ya kijiji anawaumiza, na wala hapati nguvu anayoidhania.

Bomba la mwisho ni lile linalotengenezwa hapahapa, na hili ndilo ninaloliamini. Kwingineko watu hujaza bomba maji wakaligandisha ili barafu inyooshe mbonyeo. Kasongo nani ana friji ya kuingia bomba la DT? Fundi wetu alifanya kwa njia yake. Alilichoma kwanza juu ya makaa hadi masizi yakatoka vipandevipande, meusi na mazito, kwa sababu mwenyewe alikuwa akichanganya petroli na oili ya mipigo minne, ambayo haikuundwa kuungua. Kisha akakata dirisha la vidole vitatu kando ya mbonyeo, akaingiza chuma cha mviringo na kugonga kutoka ndani, akilinganisha na kipande cha katoni alichokikata kwa kufuata upande mzima wa pili. Katoni ilipokaa bila mwanga kupita, akachomelea dirisha. Mwisho akaliziba na kulizamisha kwenye beseni, akapuliza, akatafuta mapovu. Palipotokea mapovu alichomelea tena.

Alichokosa ni vitu vidogo: gasketi ya shingoni, springi mbili, na mpira wa kushikia bomba kwenye fremu. Bila mpira huo bomba hutetemeka hadi linapasuka palepale. Alikata mpira kwenye tairi kuukuu, na gasketi akaifanya kwa waya wa shaba. Vitasukuma wiki kadhaa.

Wafanyabiashara mnaopakia mizigo Lubumbashi na Bukavu, acheni kujaza nafasi kwa mabomba ya kung'aa. Leteni gasketi, springi, mipira, jeti za saizi mbili tatu, oili halisi ya mipigo miwili na bati la chuma la unene wa milimita 1 na zaidi. Mafundi wa kuvitumia wapo Kasongo, wanavingoja.