Wivu Unaohesabu Kila Hatua

Saa tano usiku ujumbe unaingia: "Nimeona uko mtandaoni. Unachati na nani?" Msichana wa mwaka wa kwanza anapiga picha daftari lake la takwimu likiwa wazi mezani, anaituma, ndipo anaruhusiwa kulala. Wenzake chumbani wanamwambia ana bahati, anapendwa.

Wivu wa namna hii huumiza kwa kurudiwarudiwa. Msomi wa Marekani Evan Stark, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alieleza kwamba madhara makubwa ya kumdhibiti mpenzi hivi ni uhuru unaomegwa kidogo kidogo, bila hata kofi moja. Leo ni nambari ya siri ya simu, kesho marafiki, keshokutwa pesa za mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu Kenya, anazishika mpenzi "zisije zikapotea".

Mbona asiondoke? Mwaka 1981 watafiti Donald Dutton na Susan Painter walieleza jinsi mateso yanayopishana na upole yanavyomfunga mtu kwa mtesaji wake. Baada ya wiki ya matusi huja chipsi kuku, machozi na ahadi, na ile nafuu ikaonekana ndiyo mapenzi yenyewe. Chuoni kuna tatizo jingine: wawili hao huwa darasa moja, kundi moja la WhatsApp, na pengine wamepanga chumba kimoja nje ya chuo bila nyumbani kujua. Kumweleza mama matusi ni kumweleza na habari za chumba. (Wavulana nao huonewa, ila wengi hunyamaza wakihofia kuchekwa.)

Tishio gumu kuliko yote ni "ukiniacha nitajiua". Usilipuuze. Mjulishe msimamizi wa hosteli, mshauri nasaha au jamaa za huyo anayetishia usiku huohuo. Lakini kubaki naye hakumtibu. Anahitaji mtaalamu, na mpenzi aliyejaa hofu hawezi kazi hiyo.

Rafiki naye asiseme "mwache au tusiongee tena". Akisusa, amemmalizia mtesaji kazi.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inataja dhuluma ya kisaikolojia, na haiwahusu wanandoa pekee. Wachumba na walio na uhusiano wa karibu wamo. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Kwa hiyo jumbe za vitisho zisifutwe. Zipigwe picha, zitumwe kwa mtu mwaminifu, maana simu ikishikwa na mtesaji zitatoweka. Nambari ya msaada ni 1195, haina malipo.