Uliingilia Mlango Gani?

Muulize shabiki yeyote wa dunia za kubuni alianzia wapi. Atakujibu hapohapo, hata kama mwaka ameusahau. Wengi wa rika letu walianzia kwenye gemu. Geralt, mwindaji wa majitu wa Andrzej Sapkowski, alizaliwa kwenye hadithi fupi ya Kipolandi mwaka 1986, lakini gemu la 2007 ndilo lililomfikisha mbali, na wachezaji kibao wakarudi nyuma kutafuta vitabu. Anayeanza na gemu hujua kwanza njia na maadui. Anayeanza na kitabu hukutana kwanza na sheria za nchi ile.

Mimi nimekulia Mikese, kando ya reli ya kati. Banda la gemu lilikuwepo, hela ndo haikuwepo. Kaka alikuwa na Kusadikika isiyo na jalada. Nikaisoma kama safari: nchi inayoelea angani, wajumbe sita wanatumwa pande sita, na kila anayerudi na habari njema anatupwa jela! Kwamba Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, enzi za mkoloni, sikujua wala sikujali. Nilitaka tu kujua kama Karama atapona kwenye ile kesi.

Wenzangu sekondari walikipokea kitabu hichohicho pamoja na swali: fafanua dhamira tano. Jamani, nani ataipenda nchi aliyoingizwa kwa mtihani? Rafiki yangu mmoja alikiri hakuwahi kugundua kwamba Kusadikika iko angani. Nikamwazima nakala ya kaka. Alikaa nayo mwezi mzima, kisha akaja kuniuliza kama Kufikirika ninayo.