Hita Iwe ya Mwisho Kununua

Baridi ya Novemba ikishaingia Uingereza, mchicha uliostawi ndani ya hema la kulimia mwezi Septemba huanza kudumaa, na mwenye hema hukimbilia dukani kutafuta hita. Ngoja kwanza. Kwa anayelima kwenye gereji au chumba cha akiba kisicho na joto, hita ndiyo iwe ya mwisho kununua, tena iwe ndogo.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayouma. Mwaka 2025 kikomo cha bei ya umeme kinachowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, kilikuwa kati ya peni 25 na 27 kwa uniti, na hubadilishwa kila miezi mitatu. Hapa napiga hesabu kwa peni 26. Ile tozo ya kila siku ya mita iache pembeni, maana utailipa uwe na hema au usiwe nalo. Wenye mita ya kulipia kabla, ile ya kama LUKU, wakumbuke pia kwamba mkopo wa dharura ambao hita itaula usiku hukatwa mara wanapoongeza salio.

Boksi la hita litakuambia kwamba kifaa hiki kinaokoa nishati. Puuza. Uniti moja ya umeme hutoa joto lilelile, iingie kwenye hita ya paundi 15 au ya paundi 90. Tofauti ni ukubwa, usalama, na kama hita inajua kujizima. Bili haiamuliwi na hita uliyonunua, bali na joto linalovuja kutoka hemani.

Lakini kabla ya hayo, amua unakula nini. Sukuma wiki huvumilia hata jalidi ya nje. Spinachi na giligilani hukua kwenye nyuzi 10, ingawa polepole. Mchicha, bamia, pilipili na bilinganya ni mimea ya joto: mbegu zake zinataka udongo wa nyuzi 20 na kuendelea, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 12 hivi mmea husimama. Kama nyumbani kwako sukuma wiki inapikwa kila wiki na bamia mara moja moja, panda sukuma wiki mpaka Machi na bamia kanunue. Hita huna haja nayo, na unaweza kuishia kusoma hapa.

Kama unachotaka ni miche tu ya kuhamishia nje majira ya joto, hema zima ni ufujaji. Mkeka wa joto wa wati 20 unauzwa kama paundi 12 hadi 20. Ukiwaka saa 24 unakula nusu uniti, yaani peni 12 au 13 kwa siku. Hupasha udongo, si hewa, na mbegu hazidai zaidi ya hapo. Trei ya kuoteshea yenye joto na mfuniko wake ni ghali kidogo, lakini inakaa dirishani na haili nafasi. Maduka ya bei nafuu huzileta mwanzoni mwa mwaka na huisha haraka.

Sasa tuje kwa wanaotaka mchicha wa kuvuna Januari. Chukua hema la kawaida la sentimita 80 kwa 80, urefu 160, kwenye chumba cha nyuzi 10, nawe unataka nyuzi 20 ndani. Kitambaa cha hema ni chembamba. Kwa hesabu ya juu juu kinapitisha karibu wati 30 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hata feni ikiwa imezimwa. Nyuzi kumi ni wati 300, usiku na mchana: paundi 1.87 kwa siku, paundi 56 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo ungekula mchicha wa dukani na chenji ikabaki.

Dawa yake ni mbao za povu gumu zenye karatasi ya fedha pande zote mbili, zile ambazo mafundi huweka kwenye kuta na mapaa. Unene wa milimita 25 unatosha. Ubao wa mita 2.4 kwa 1.2 huuzwa kama paundi 20 hadi 25 kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mbao mbili zinatosha hema hili. Katika kila ubao kata ukuta mmoja wa 80 kwa 160 na kipande cha 80 kwa 80, kimoja kiwe cha juu na kingine cha chini. Kila ubao utabakiza ukanda wa sentimita 40. Kata kanda zote mbili kwa urefu wa 160, ziunge kwa utepe wa fedha, umepata ukuta wa tatu. Mbele kwenye zipu ning'iniza duveti kuukuu.

Kwa kazi hiyo ya jioni moja, wati 300 zinashuka kufika kama 100. Unaokoa karibu paundi 1.25 kwa siku, na mbao zinarudisha pesa yake ndani ya miezi miwili hata ukihesabu utepe. Hakuna hita inayoweza kukufanyia hivyo. Usidanganyike na ile karatasi ya fedha yenye mapovu ya hewa inayouzwa kwa roli: ni rahisi kubeba na bei yake si mbaya, ila ni nyembamba mno ikilinganishwa na ubao. Ichukue tu kama hema limebanwa ukutani na ubao hauingii. Povu jeupe la kwenye maboksi ya friji ni la bure, lakini hushika moto upesi. Liweke chini ya vyungu kuvitenganisha na sakafu ya zege, si karibu na hita.

Mbao hizo haziingii kwenye gari dogo, na kuletewa nyumbani kunaweza kukugharimu zaidi ya ubao mmoja. Nenda na vipimo vyako na uombe dukani wakukatie, au chukua kisu na ukate kwenye maegesho.

Kisha tumia hita ambayo tayari unayo: taa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa ya LED ya wati 100 huishia kuwa joto humohumo hemani. Tatizo ni kwamba watu wengi huiwasha mchana na kuizima usiku, wakati baridi imekolea. Geuza. Kwa taima ya paundi 5, taa iwake kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita mchana, giza la mimea liangukie alasiri. Mimea haijali. Atakayejali ni anayelala chumba hicho, kwa sababu ya mwanga wa zipu na mngurumo wa feni. Kuna mikataba ya umeme yenye saa saba za bei nafuu usiku, na hapa inavutia, lakini uniti ya mchana hupanda juu ya kawaida. Nyumba inayopika na kufua mchana inaweza kupata hasara.

Mwizi mwingine wa joto ni feni ya kutolea hewa. Kila mita za ujazo 100 inazotoa kwa saa huondoka na wati 33 kwa kila nyuzi ya tofauti. Ukiiacha izunguke muda wote umetupa kazi yote ya mbao. Ukiizima kabisa, unyevu unapanda na ukungu unakula majani. Iweke kwenye kasi ya chini kabisa, dakika 15 kila saa, na bomba lake limwage hewa chumbani badala ya nje ya nyumba. Lakini chunguza kuta za chumba: ukungu mweusi ukutani utakukatia amana ya pango, na amana hiyo inazidi bei ya hema. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba unalima mchicha. Akilikuta hema mwenyewe na taa inawaka usiku kucha, atafikiria mmea mwingine.

Baada ya haya yote, kilichobaki ni saa nane za taa kuzimwa. Hita ya bomba ya wati 80 au 120, kama paundi 15 hadi 30, inatosha. Ni bomba refu la chuma lisilo na feni wala sehemu inayowaka nyekundu, na haina cha kuharibika upesi. Saa nane za wati 100 ni peni 21. Chagua iliyoandikwa kwamba inavumilia unyevu, na nunua kizuizi chake cha waya, ambacho mara nyingi huuzwa peke yake.

Hita ndogo ya umeme iliyojazwa mafuta, ya wati 500, ni chaguo la pili, kama hema ni kubwa. Hiyo ikae nje ya hema, karibu na tundu la kuingizia hewa. Hita ya feni ya wati 2,000 ni rahisi kuipata na bei yake inashawishi, lakini inakula peni 52 kwa saa, na kuiweka ndani ya hema la kitambaa ni kuita moto. Usinunue.

Hita ya mafuta ya taa pia achana nayo. Lita moja ina joto la kama uniti 10, hivyo lita 4 zikiuzwa paundi 10 tayari unalipa peni 25 kwa uniti, sawa na umeme. Juu ya hapo hutoa karibu lita ya maji kwa kila lita inayoungua, na gesi ya kaboni monoksaidi ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Themostati ya kuchomeka kwenye soketi, paundi 15 hadi 25, si anasa. Kichwa chake kining'inie usawa wa majani, mbali na hita. Inataka hita yenye swichi ya kuzungusha: zile za vitufe na kioo cha namba, umeme ukikatwa na kurudi, nyingi hubaki zimezima mpaka uje kuzibonyeza.

Mwenye paundi 30 anunue taima na ubao mmoja, apande sukuma wiki. Mwenye paundi 90 anunue mbao mbili, taima, hita ya bomba na themostati. Weka risiti. Vifaa ulivyonunua mtandaoni kwa muuzaji wa Uingereza una siku 14 tangu kuvipokea kusema hutaki, ingawa gharama ya kuvirudisha inaweza kuwa yako. Ukikatiwa ubao kwa vipimo vyako, huwezi kuurudisha, kwa hiyo pima mara mbili.