Land Rover Ikivuja, Tafuta Mlango wa Maji Kwanza

Mwezi wa Aprili, Ngoliba hubadilika ndani ya wiki moja. Vumbi lililotanda tangu Januari linageuka tope linalong'ang'ania magurudumu, na gari lililokuwa kavu kiangazi chote linaanza kummwagia dereva maji magotini. Hapo ndipo wenye Land Rover za zamani wanaponijia. Wengi ni wakulima wanaovuta maji kwa pampu kutoka mto Athi, na karibu wote hushuka garini na tyubu ya silikoni mkononi. Nawaomba waiweke chini kwanza.

Magari haya ni kama wenyeji wa huku. Kiwanda kilichoanzishwa Thika mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover kwa miaka mingi. Kwa hiyo ile inayokulowesha ukielekea Kilimambogo huenda ilifungwa bolti zake mjini Thika kwenyewe. Na kwa kuwa bodi yake ni ya alumini, watu wengi huamini haiwezi kuoza. Ukweli ni kwamba fremu ya kioo cha mbele, nusu ya juu ya milango na ule ukuta unaotenga injini na abiria, pamoja na sehemu ya kuwekea miguu, vyote ni chuma. Maji yanayodondoka dirishani hutua humo chini, yakajificha chini ya mkeka wa raba, na chuma kikaoza huku bodi ya nje inang'aa. Kubadilisha raba ni kazi ya siku moja. Kukata na kuchomelea ukuta ule ni kazi ya majuma.

Msimu mmoja uliopita mzee mmoja wa Ngoliba aliniletea Series III yake, ile yenye kioo cha mbele cha vipande viwili. Akaniwekea kidole kwenye pembe ya chini ya kioo, upande wa dereva. "Fundi, ni hapa. Nimepaka mara tatu na bado."

"Mzee, hapo ndipo yanapotokea," nikamwambia. "Tutafute yanapoingilia."

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni hilo. Maji yakishapita chini ya ukingo wa raba hutembea. Hufuata mkunjo wa bati, hushuka ndani ya nguzo ya fremu, hunyonywa na ufa mwembamba hata kwenda mahali ambapo hukuyatarajia, kisha hudondoka penye pembe. Tone la magotini laweza kuwa limeingilia kwenye bolti ya paa. Hasa yale magari yenye paa la pili juu ya la kwanza, lililowekwa kwa ajili ya jua la nchi za joto, yana bolti nyingi zinazotoboa bati, na kila bolti ni mlango.

Kwa hiyo toa mkeka, toa viti ikibidi, kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha acha gari juani hadi alasiri. Pakaza unga wa chokaa au poda ya mtoto chini ya madirisha kwa ndani. Tone likipita litachora njia yake. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje. Anzeni chini, mkipanda taratibu, dakika tano kila mahali. Mkianzia juu maji yatashuka na kulowesha kila kitu kwa pamoja, na hamtajua lolote. Wala msitumie presha kubwa. Pampu ya shambani ina nguvu ya kupenyeza maji hata penye raba nzima, kwa hiyo kwa gari la mzee tulifungulia mpira kidogo tu, maji yakawa yanatiririka bila kuruka.

Kwa milango kuna kipimo rahisi zaidi. Weka ukanda wa karatasi kwenye ukingo, funga mlango, kisha vuta ukanda. Ukitoka bila kushikwa, raba haikandamizi hapo.

Maji ya mzee hayakuwa ya kiooni. Yaliingilia kwenye vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, vinavyofunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Raba zake zilikuwa zimekauka hadi zinavunjika kama biskuti. Akiwa ameegesha, gari lilivuja kidogo tu. Akiendesha ndipo lilipomwaga, kwa sababu upepo wa mwendo hugonga kioo na kujikusanya pale chini, ukasukuma maji ndani. Ikiwa gari lako huvuja barabarani tu, anza kutazama hapo. Tazama pia ile raba ndefu iliyolaliwa na fremu ya kioo juu ya ukuta wa injini. Fremu ile imefungwa kwa bolti, na bolti zikilegea kwa kutikiswa na barabara mbovu, raba haibanwi tena.

Sasa silikoni. Fungua tyubu unuse. Ile ya bei nafuu inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma cha fremu. Zaidi ya hapo, inaziba nje tu, huku maji yakiendelea kupita kwa juu na kunaswa ndani yasipate pa kutokea. Nimebandua silikoni ya namna hiyo mara nyingi, na chini yake nikakuta kutu inayotoka vipandevipande. Pia rangi na raba mpya hazishiki vizuri penye mabaki yake. Penye maungio ya fremu tumia gundi laini ya vioo vya magari isiyokauka ikawa ngumu, kwa sababu Land Rover hujipinda inapopita mashimoni, na kitu kigumu kitapasuka.

Vioo vya pembeni vinavyoteleza vinadaiwa makosa yasiyo yao. Havikuundwa kuzuia maji yasiingie kabisa. Maji huingia kwenye mfereji wa chini, ambao una matundu ya kuyatoa nje. Vumbi la Ngoliba likijaa humo pamoja na mafuta ya mikono na majani, matundu huziba, mfereji hufurika na maji humwagika upande wa abiria. Zibua kwa spoku ya baiskeli, taratibu, kisha mwaga maji ya kikombe mferejini uone kama yanatoka nje. Nimewahi kukuta mtu ameyaziba matundu hayo kwa silikoni akidhani ndiyo yanayovujisha. Kitambaa kilichotandikwa mferejini kikiwa kimeoza, au chuma kimetoboka, badilisha mfereji wenyewe.

Kwa vioo vilivyoshikwa na raba tupu, kama kioo kizima cha mbele cha Land Rover 110 na vile vidogo vya ukingoni mwa paa, dawa ni raba mpya. Jua huikausha, ikapungua urefu, nafasi ikafunguka pembeni. Kata kipande kidogo cha raba ya zamani ukienda kutafuta nyingine, iwe Thika au Kirinyaga Road jijini Nairobi, maana zinafanana kwa macho na kutofautiana kwenye mifereji yake. Toa kioo, piga chuma brashi ya waya na msasa hadi kiwe cheupe, paka praima, kisha rangi, uache ikauke kabisa. Hatua hii ndiyo watu huikimbia, na raba mpya juu ya kutu haidumu.

Pachika raba kwenye bati kwanza, ukiisukuma kuelekea pembeni, usiivute. Ikiwa ni ya kukata kwa mita, iache izidi kama sentimita moja, ibanwe. Paka maji ya sabuni, kamwe si dizeli wala oili chafu, ambazo huivimbisha na kuilegeza. Kioo kiingie upande mmoja baada ya mwingine kwa kijiti butu cha plastiki, mwenzako akikishikilia kwa viganja. Mwisho kabisa ingiza ule ukanda mwembamba wa kati unaoipanua raba ikabana. Bila huo, raba imelala tu.

Penye bolti za chuma zinazokaa juu ya alumini, ukiona unga mweupe, jua alumini inaliwa kwa kugusana na chuma penye maji. Futa, weka washa ya plastiki na gundi laini, funga tena.

Gari la mzee tulilifungia raba mbili za vifuniko, tukazibua mifereji, tukapaka ukuta. Tuliporudi na mpira wa maji, poda ilibaki nyeupe kila mahali isipokuwa chini ya bolti moja ya paa. Tukapanda juu na spana.