Zimamoto wa Kwanza Lalago ni Jirani

Msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, nyumba nyingi za Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, huwa zimegeuka ghala. Pamba iliyochumwa na kuanikwa hulundikwa chumbani ikisubiri kupelekwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, kupimwa. Hatua chache tu kutoka hapo, mama anasonga ugali kwenye mafiga, na kuni zake ni miti ya pamba ya msimu uliopita, mikavu na myepesi kushika moto. Mali ya mwaka mzima na moto wa chakula cha jioni vinalala boma moja.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba ya dharura, 114, na kuipiga ni bure. Kila simu ya familia iwe nayo. Lakini gari la zimamoto linatoka mjini, na paa la nyasi lililokaushwa na jua la Agosti haliwezi kulisubiri. Dakika za mwanzo ni za mwenye nyumba na majirani zake. Wasukuma wanalijua hilo kwa upande wa mifugo: mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa usiku kwamba ng'ombe wameibwa, watu hutoka na fimbo bila kuuliza ni ng'ombe wa nani. Mshikamano huo ndio uliozaa ulinzi wa jadi wa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Moto nao unastahili mwano wake, na unahitaji watu wanaojua mapema nani abebe nini na nani atoe watoto.

Simiyu maji hayamwagwi ovyo. Kiangazi ndoo moja hufuatwa mbali, hivyo ni vigumu kumtaka mama atenge pipa zima kwa ajili ya moto ambao haujatokea. Mchanga upo. Ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni mwa jiko, na gunia la kulowesha kwa maji kidogo yaliyopo, vinatosha kuuzima moto ungali mdogo. Pamba nayo ikae chumba kisicho na koroboi wala mshumaa. Ikishika moto, mtu asidanganyike mwali wa juu ukizimika, kwa sababu ndani inaendelea kufukuta. Itolewe nje, itawanywe, iloweshwe, na ilindwe hadi asubuhi.

Jiko la gesi nalo limeingia vijijini. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni habari njema kwa macho na mapafu ya akina mama, lakini mtungi unakuja na masharti yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye chumba chenye dirisha dogo. Ukinusa harufu yake, usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka, usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Zima jiko, funika sufuria, usiisogeze mpaka ipoe. Petroli ya bodaboda isilale ndani ya nyumba, maana mvuke wake husafiri hadi ulipo moto. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli.

Mtoto akiungua kwa uji au kwa sufuria ya michembe, wengi wetu hukimbilia dawa ya meno, yai, unga au mafuta ya kula. Vyote hivyo hushika joto na kuchafua kidonda. Dawa ya kwanza ni maji safi ya kawaida, yatiririshwe juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Vua pete na nguo isiyoganda kwenye ngozi, usipasue malengelenge, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya. Hapa ndoo ya maji isihesabiwe hasara.

Mwenye kifafa yuko hatarini zaidi kando ya mafiga. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa wakidhani wataambukizwa. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa. Akianguka, mvute mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni.

Kuna pia hatari ya chupa. Dawa za kuulia wadudu wa pamba na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto hunywa. Akinywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya haraka, pamoja na chupa yenyewe ili mganga ajue anatibu nini. Dawa hizo zibaki kwenye vyombo vyake, zifungiwe mbali na chakula.

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Nawaomba wenyeviti wa vijiji na vitongoji, Lalago na kwingineko Simiyu, waiweke ajenda ya moto kwenye mkutano ujao: mwano wa moto upigweje, nani mwenye ngazi, nani mwenye mkokoteni wa kubebea maji, nani mwenye pikipiki ya kumpeleka majeruhi. Na wewe msomaji, usisubiri mkutano. Leo kabla ya kupika chakula cha jioni, jaza ndoo ya mchanga na uiweke mlangoni mwa jiko.