Kumjibu mtoto anayelia si kumdekeza

Mtoto mchanga anapolia, katika nyumba nyingi hutokea mtu akasema: "Mwache alie, ukimzoesha kubebwa hutafanya kazi tena." Mama mwenye mtoto wa kwanza akisikia hivyo hukaa kimya, huku roho inamuuma. Je, ni kweli kwamba mtoto wa miezi miwili anaweza kudeka?

Ni vyema ikaeleweka kwamba kichanga hana lugha nyingine isipokuwa kilio, macho na viungo vyake. Anazaliwa akiwa ameshaizoea sauti ya mama yake tangu tumboni. Macho yake huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama anapomnyonyesha. Hivyo, wakati wa kunyonya si wa kushiba tu, bali pia ni wa kujuana.

Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alizitembelea familia 26 za vijiji vya Buganda, nchini Uganda. Aliona kuwa watoto wa akina mama waliokuwa wepesi kutambua haja zao hawakuwa na kilio kingi. Walithubutu hata kutambaa mbali kuchezea vitu, kwa sababu walijua wakigeuka watamkuta mama. Baadaye yeye na mwenzake Silvia Bell walichunguza familia za Baltimore, Marekani. Mwaka 1972 walieleza kuwa watoto waliojibiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka wao wa kwanza ulipokaribia kwisha. Kwa hiyo, anayejibiwa hujifunza kutulia.

Mwaka 1978, Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio jingine. Mama alicheza na mtoto wake, kisha akaambiwa amtazame kwa dakika chache bila kutabasamu wala kusema. Mtoto alijaribu kumchekesha, aliposhindwa akageuza uso na kunywea. Hebu tujiulize, ni mara ngapi tunakaa na watoto wetu hivyo, macho yakiwa kwenye simu?

Tufanye nini basi? Kwanza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na wageni wa arobaini nao wanawe. Mwenye mafua asimbusu. Pili, unapomwogesha au kumbadilisha nepi, zungumza naye, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kuguna au kurusha miguu. Hayo ndiyo majibu yake. Akigeuza uso, amechoka, mwache apumzike. Tatu, akilia tazama njaa, nepi iliyolowa, joto au baridi. Akiwa na homa au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Baba naye asisubiri mtoto aanze kutembea. Kifua cha baba, sauti yake na mikono yake humtuliza mtoto pia.

Kumjibu mtoto hakumaanishi kutokosea. Hakuna mzazi anayeelewa kila kilio. Muhimu ni kurudi na kujaribu tena. Ukizidiwa, mlaze chali mahali salama, vuta pumzi, omba msaada. Kamwe usimtikise, kwani unaweza kumuumiza ubongo.

Mwisho, tumwangalie mzazi mwenyewe. Mama ambaye huzuni yake inapita wiki mbili, hana hamu ya chakula wala ya mtoto wake, asiambiwe kuwa ni mvivu au imani yake ni ndogo. Huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kituo cha afya, na nyumbani apunguziwe kazi. Mtoto atajibiwa vizuri na mama ambaye naye anajibiwa.